Neno la Siri la Meneja

Naipanoi, fundi wa kompyuta, alikuwa akiigonga kibodi kama anayetwanga. Alikuwa ametoka ofisini kwa Mama Pudensiana, mwenye shamba la maua, macho yamemwiva, na wafungashaji wote walimwona.

Sylvanus, meneja, alimfuata hadi chumba cha kompyuta, akaubamiza mlango.

"Pole, dada. Mama ameniambia leo kuna mtu anaondoka."

Naipanoi aliendelea kugonga. Wiki iliyopita alimsikia huyuhuyu akiamuru jenereta ya chumba cha baridi izimwe, ili dizeli ikauzwe Usa River. Mawaridi yakaoza. Lawama akatwishwa Esther wa ufungashaji, mjamzito, akafukuzwa hadharani kama mwizi.

"Nimeagizwa kumtoa kwenye mfumo anayeondoka," alisema bila kugeuka. "Akaunti yake, barua pepe, kadi ya milango. Vyote."

"Wewe mwenyewe?" Sylvanus aliangua kicheko. "Huyu mama ana roho ngumu!"

"Kompyuta kuu inataka neno la siri la msimamizi, bosi. Ulininyang'anya."

"Kwa sababu una mdomo. Ungekaa kimya kuhusu ile jenereta, tungefika huku?"

Naipanoi alimgeuzia skrini.

"Kila amri ingekuuliza neno la siri upya," alisema. "Nimezikusanya zote kwenye skripti moja. Ukiliandika mara moja, zinapita zote. Isome kwanza."

"Nisome nini? Nina kazi mimi. Sogea huko!"

Alikisukuma kiti chake kwa goti, akainama, akaandika neno la siri kwa vidole viwili, akabonyeza. Mistari ikaanza kupanda kwenye skrini, mmoja baada ya mwingine, hadi ikatulia.

"Imekwisha?"

"Imekwisha."

"Safi. Twende nikutoe getini mwenyewe, wakuone. Iwe fundisho kwa wenye midomo."

Naipanoi alichukua mkoba wake.

Sylvanus alipitisha kadi yake mlangoni. Taa ikawaka nyekundu. Akaifuta kadi kwenye suruali, akapitisha tena. Nyekundu. Akaupiga mlango teke.

"Pisha, kaka," alisema Naipanoi, akitoa kadi yake. "Nikufungulie utoke."