Vidonge vya Mkwe

Hezroni alikuwa anaitukana migomba.

"Mtu mzima na nguvu zake anameza vidonge ili alale! Mpunga utajivuna wenyewe?"

Migomba haikuwa na kosa. Maneno yalimlenga Kisa, mke wa mwanawe Gwamaka, aliyekaa nyumba ya pili, upande wa pili wa migomba hiyo. Kwa mila ya Wanyakyusa, baba mkwe na mke wa mwanawe hawakutani wala hawasemeshani. Kisa akisikia tu kikohozi cha Hezroni huacha njia na kujitosa kwenye kakao. Hezroni alikuwa mzee wa kanisa, lakini mila hiyo aliishika kuliko zile amri kumi. Alichotaka kumwambia Kisa alimtuma mkewe, Jubilate. Kilichobaki kiliishia kwenye migomba.

Habari ya vidonge aliileta rafiki yake Angetile, mdaku asiye na mfano pale Ikolo. Alimwona Kisa mjini Kyela, kule Bondeni, akitoka duka la dawa. Angetile hakuondoka bila kuuliza, na muuzaji naye hakujua kufunga mdomo. Alisema ni dawa ya maumivu ya mwili mzima, yale ambayo mtu hupimwa kila kitu kisionekane kitu, na usiku hapati usingizi. Wenye sonona nao hupewa.

"Kidonda hakuna, homa hakuna, halafu mwili mzima unauma?" Hezroni alifoka. "Uvivu siku hizi nao umepata dawa!"

Jubilate alikuwa anapepeta mchele. Alinyanyua kikombe cha maji, akanywa chote, akajaza kingine.

"Ni ugonjwa, Baba Gwamaka. Daktari anasema mishipa ya fahamu inapiga kelele bila sababu. Dawa inaituliza, mtu analala, na akilala maumivu yanapungua."

"Wewe mbona huumwi? Siku ile ulipoanza kulialia mgongo na mabega nilikwambiaje?"

"Ulisema kila aliyeshika jembe anaumwa."

"Ukapona au hukupona?"

Jubilate aliendelea kupepeta.

"Basi mwambie hivi: ng'ombe wangu sikuwatoa kwa ajili ya gogo la kulala. Mwambie!"

"Nitamwambia."

Mwaka mzima alimtuma hivyo. Mwambie ni mvivu. Mwambie ni kichaa. Mwambie mama yake alimzaa akiwa amechoka. Akisikia kinu kinatwangwa kule kwa Gwamaka, alisema bila shaka ni mwanawe anayetwanga, maskini. Jioni alimuuliza Jubilate kama ujumbe umefika, na Jubilate alijibu, "Umefika." Jibu halikurudi hata siku moja. Hilo ndilo lililomchoma Hezroni kuliko vidonge vyenyewe.

Mpunga ulipoiva, uvumilivu ukamwishia.

"Nenda ukaniletee vidonge hivyo sasa hivi. Asipovitoa, afungashe arudi kwao leo hii, na ng'ombe wangu warudi!"

Jubilate aliitazama nyumba ya Gwamaka. Pale mlangoni nguo za watoto wa Kisa zilikuwa zimeanikwa.

"Daktari alikataza kuviacha ghafla."

"Daktari ndiye aliyetoa ng'ombe?"

Jubilate akazunguka nyuma ya nyumba. Hakukawia hata kidogo. Hezroni aliipokonya ile pakiti, akaenda kuitumbukiza chooni, akarudi akijipangusa mikono kama mtu aliyeua nyoka.

Tangu hapo akawa anatega sikio upande wa migomba, akingoja kilio. Kilio hakikuja. Badala yake, alfajiri moja, alisikia wimbo. Kisa alikuwa ameshaingia shambani, anakata mpunga na kuimba nyimbo za kwaya kwa sauti ya mtu mwenye afya tele.

Hezroni alicheka mpaka akapaliwa. Akaingia chumbani kumpa mkewe habari.

"Ugonile," alimsalimu. Ndiyo salamu ya asubuhi ya Kinyakyusa: inamuuliza mtu kama amelala.

Jubilate hakuitikia. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, macho mekundu. Khanga alikuwa ameiteremsha mabegani, ameishika kwa ncha za vidole, kana kwamba inaunguza.

"Unamsikia anavyoimba? Amepona! Haya, inuka, kamwambie dawa yake ilikuwa jembe!"

Jubilate aliinua uso. Hezroni hakuwahi kutazamwa hivyo ndani ya nyumba yake.

"Huna haja ya kunituma tena," alisema. "Kila neno ulilomtumia mwenye vidonge lilimfika pale pale ulipolisema."