Mwachiro Hapendi Kelele

Mtongwe, kila nyumba hutunza kwa mwaka mmoja kumbukumbu za marehemu aliyekuwa mwanamaji wa nyambizi. Kadzo alibandikwa nyuma ya sikio kidude chenye kumbukumbu za Sajini Mwachiro. Tangu hapo akawa anafunika sufuria bila mlio.

"Mama watoto, mbona siku hizi unapika kama unaiba?" mumewe, Tsuma, alimuuliza.

"Kule chini, kelele ndiyo iliyowaponza wenzetu."

Alisema "wenzetu," na Tsuma akatua kikombe chake mezani polepole.

Mwaka ulipotimia, afisa alikuja akakibandua kile kidude, akakipeleka nyumba ya pili. Kadzo akarudi jikoni, akabwaga kifuniko juu ya sufuria kama zamani.

Tsuma alishtuka. Akakiinua, akakirudisha polepole.

"Taratibu, mama watoto," alinong'ona. "Mwachiro hapendi kelele."