Dakika Kumi za Kuachia

Naishukuru maabara, na nitaishukuru mpaka kaburini. Bila vishikizo vyao, mama yangu asingenijua tena. Kila asubuhi namdondoshea vishikizo hivyo, matone ya bluu, chini ya ulimi, na protini za ubongo wake zilizoanza kutengana hufungwa pamoja kwa kemikali. Siku nzima ananitambua, na siku nzima ananigombeza: "Tatu, uji gani huu wenye mabonge?"

Lakini sheria inataka kila Jumamosi vishikizo vikatwe kwa dakika kumi, nami nichukue tone la damu, ili maabara waone protini ipi ilikuwa imeshikana na ipi. Zikipita dakika kumi kabla sijampa tena matone ya bluu, hawana uhakika kama protini zitashikana tena.

Jumamosi hii nilimpa matone ya kukata, nikachukua damu. Macho yake yakalegea. Akanitazama kwa adabu, kama anavyotazamwa mgeni.

"Nesi, una mikono laini kweli," akasema. "Kama ya binti yangu."

"Binti yako yukoje, mama?"

"Tatu? Ameniuguza miaka sita bila kununa. Nampenda hata sijui nisemeje. Ila simwambii, atadeka."

Machozi yakanitoka, nikamshukuru Mungu. Maneno hayo nilikuwa nayasubiri tangu utotoni.

Saa ikalia. Dakika kumi zimetimia. Kichupa cha bluu kilikuwa mkononi mwangu, bado kimefungwa.

"Endelea, mama," nikasema. "Ulikuwa unaniambia habari za Tatu."