Fisi Ahesabu Swala wa Bwawani

Enzi zile wanyama walipokuwa wakiamua mambo yao kikaoni, Fisi mlafi alisimama mbele ya Tembo, mkuu wa pori, akaomba ruhusa ya kula swala watano kila siku.

"Hawa hawaishi, Mzee," alisema. "Nimekaa bwawani siku kumi. Kila siku wanakuja kunywa arobaini. Hao ni mia nne!"

Tembo akaanza kuitikia kwa kichwa. Nguchiro, ambaye haamini jambo mpaka alinuse mwenyewe, alikuwa mdogo kuliko wote pale, lakini kunyamaza kulimshinda.

"Mzee, nipe siku mbili tu."

Siku ya kwanza alitandaza udongo mwekundu unaonata kwenye njia ya kutokea bwawani, na kila swala aliyekunywa akaondoka na kwato nyekundu. Siku ya pili akaufagia wote, akaita kikao kizima bwawani.

"Leo, Bwana Fisi, tuhesabie wageni tu, wenye kwato safi."

Fisi akajiweka mbele kwa mbwembwe, mate yakimdondoka. Swala arobaini wakapita. Masikio yakamlala.

"Wangapi?" Tembo aliuliza.

"Hakuna."

"Sema wote wasikie."

"Hakuna! Ni walewale wa jana!"

Bwawa zima likalipuka kwa vigelegele. Tembo akamnyanyua Nguchiro kwa mkonga, juu kabisa, na kutoka huko yule mdogo akamwuliza Fisi:

"Sasa, kwa watano kila siku, siku ya tisa ungekula nini?"