Kiraka cha Njano

Fundi cherehani alikuja kukagua mshono wake, si kutazama filamu. Ndiye aliyeunga mashuka mawili yakawa skrini ya ukumbi, bila kudai malipo, maana mchango wa mchana ule ulikuwa wa watu waliokimbia vita, naye alikimbia vilevile.

Filamu yenyewe ilikuwa fupi, imepigwa mwezi uliopita kambini: foleni ya maji, madumu, wanaume wamechuchumaa. Mmoja, aliyeipa kamera mgongo, akainua dumu. Kiwiko cha shati lake la kijani kikajaa skrini nzima. Kilikuwa na kiraka cha njano.

Mumewe alikicheka kiraka kama hicho siku alipokivaa. "Sasa nimeanza kuiva," alisema.

"Wifi," fundi alinong'ona, "umekiona?"

Dada wa mumewe, aliyemlilia kaka yake pamoja naye miaka mitatu wakamaliza machozi, alimshika goti. "Viraka vya njano viko vingi, wifi yangu."

"Viko. Nyuzi zimelalia wapi?"

Zililalia kinyume, kama azilazavyo mtu wa mkono wa kushoto. Mama mkwe alimsema fundi kwa mkono huo tangu siku ya harusi.

Vidole vya wifi vilizidi kulibana goti.

Taa zikawaka, makofi yakapigwa. Mwongozaji wa filamu akasimama mbele, akauliza kama kuna mwenye swali.

Mkono wa kushoto ulikuwa juu tayari.