Maziwa Yaliyokataa Kuganda

Tangu kila nyumba itakiwe kujisafishia mafuta yake, ukuta wa chumba cha Jerotich haujawahi kupoa. Nyuma yake limekaa sanduku la mionzi: asubuhi unalimiminia mafuta ghafi, mazito kama uji uliolala, jioni unakinga mafuta ya taa. Na baridi ya Kapsabet ilivyo, nani angeacha joto lile lipotee bure? Jerotich alitundika hapo kibuyu cha mursik, yale maziwa ya mgando, ili yagande upesi.

Wapi! Wiki nzima yalibaki kama yamekamuliwa leo. Alikiosha kibuyu, akakisugua mkaa upya, akajaza tena. Vilevile. Alipokihamishia jikoni, yakaganda vizuri.

“Mama, njoo uonje!” alimwita mama mkwe wake, macho yakimng'aa. “Ule ukuta unazuia maziwa kuganda.”

Mama mkwe alionja. “Maziwa hugandishwa na vijidudu vilivyo hai, Mama Cherono. Kule kuna kitu kinaviua. Kibuyu ulikitundika wapi hasa?”

“Pale kwenye msumari,” Jerotich akasema, akinyoosha kidole, “juu ya kitanda cha mtoto.”

Kidole kikabaki hewani.