Tandiko la Punda Mstaafu

Punda aliwabebea wenzake maji kwa miaka ishirini, kisha akastaafu. Asubuhi ya kwanza, kabla hajanyoosha hata miguu, Kuku akamletea vifaranga tisa. "Babu, maadamu unashinda nyumbani tu, niangalizie hawa." Kesho yake Mbuzi akamtuma kisimani, eti kwa kuwa hana kazi. Siku ya tatu Bata akamfanya mwenyekiti wa kamati ya harusi bila hata kumuuliza.

Punda akafura kwa hasira. "Hana kazi, hana kazi! Nilipokuwa kazini, nani kati yenu alithubutu kunituma?"

Aliposikia maneno yake mwenyewe, akapata wazo. Akaingia bandani, akatoa tandiko lake kuukuu la kubebea maji, akalifunga mgongoni barabara, kisha akajilaza kivulini.

Asubuhi Kuku akaja mbio na vifaranga wake. Alipoliona tandiko, akasimama ghafla.

"Samahani, Babu. Kumbe umerudi kazini!"

"Nimerudi," Punda akafoka bila kufumbua macho, "na wewe unanichelewesha. Ondoka!"